Leuven: Mji wa wasomi ambao maktaba yake iliteketea mara mbili

WATALII wengi wanaozuru Ubelgiji huishia Brussels. Hupiga picha katika uwanja mkuu wa jiji hilo, wakanunua chokoleti na kurejea walikotoka. Ni wachache wanaopanda gari la moshi kuelekea mashariki hadi Leuven, mji wenye wakazi zaidi ya 100,000 ulio umbali usiofika kilomita 30 kutoka jiji kuu.

Wanaokwenda huko huvutiwa na mambo matatu: majumba ya kale, bia, na chuo kikuu ambacho mwaka 2025 kilitimiza miaka 600 tangu kuasisiwa. Hata hivyo, jengo linalostahili kutazamwa kwa makini kuliko mengine yote si la kale kama mengi yanayolizunguka. Lilifunguliwa mwaka 1928.

Jengo hilo ni maktaba ya chuo kikuu. Katika muda wa miaka 26 pekee, vitabu vya chuo hicho viliteketea mara mbili kwa moto wa vita. Kisha wakati wa amani, vile vilivyokusanywa upya vikagawanywa kama mali ya urithi baina ya ndugu waliokosana.

Anayeyafahamu hayo kabla ya kufika hutembea Leuven kwa macho tofauti. Kila pembe ya mji humwonyesha jinsi elimu inavyojengwa kwa karne nyingi, inavyoweza kuteketea kwa usiku mmoja, na gharama ya kuirejesha.

Mawe yanayosimulia

Kutoka uwanja wa ndege wa Brussels, gari la moshi hufika Leuven kwa muda wa robo saa hivi. Mgeni hahitaji teksi wala basi baada ya hapo, kwani sehemu zote kuu za mji huzungukwa kwa miguu.

Mbele ya kituo cha reli kuna Martelarenplein, yaani Uwanja wa Mashahidi, penye mnara wa ukumbusho wa raia waliouawa mwaka 1914. Kutoka hapo barabara pana ya Bondgenotenlaan huelekea moja kwa moja hadi katikati ya mji.

Mwenye haraka ataona maduka ya nguo na mikahawa tu. Lakini akiinua macho kwenye kuta za nyumba kadha wa kadha, ataona kijiwe kilichochongwa mwenge unaowaka, upanga na mwaka 1914. Hiyo ni alama ya nyumba iliyochomwa mwaka huo na kujengwa upya.

Barabara hiyo humfikisha mgeni katika Grote Markt, uwanja wa soko kuu. Hapo limesimama jengo la baraza la mji, lililojengwa katika karne ya 15 kwa mtindo wa Gothiki. Ukuta wake umechongwa kwa ustadi kiasi kwamba kwa mbali jiwe hufanana na kitambaa kilichodariziwa. Lina sanamu 236 za watakatifu, watawala na wasomi, ingawa sanamu hizo ziliwekwa katika karne ya 19 na baadaye.

Mkabala nalo ni Kanisa la Mtakatifu Petro. Minara yake ilikusudiwa kuyapita majengo yote ya zama zake kwa urefu, lakini ardhi haikuweza kuhimili uzito huo na kazi ikaachwa njiani.

Ndani ya kanisa hilo mna mchoro maarufu wa Karamu ya Mwisho, uliochorwa na Dieric Bouts kati ya mwaka 1464 na 1468. Mchoro huo una ubao mmoja wa katikati na mbao nne za pembeni. Zile za pembeni zilikuwa zimeuzwa zamani na kuishia katika makavazi ya Berlin na Munich nchini Ujerumani. Namna zilivyorejeshwa Leuven ni sehemu ya kisa cha maktaba, kama itakavyoelezwa.

Chuo ndani ya soko la nguo

Chuo Kikuu cha Leuven kiliidhinishwa na Papa Martin wa Tano kwa hati ya Desemba 9, 1425. Wakati huo biashara ya nguo, iliyokuwa imeutajirisha mji huo, ilikuwa imefifia. Mwaka 1432 chuo kikaanza kutumia jengo la wafanyabiashara wa nguo, lililoanza kujengwa mwaka 1317 katika barabara ambayo leo huitwa Naamsestraat. Mahali palipouzwa sufu pakaanza kutolewa mihadhara.

Katika karne iliyofuata, Leuven ilikuwa miongoni mwa vituo vikuu vya elimu barani Ulaya. Msomi Erasmus alisaidia kuanzisha chuo cha kufundishia lugha tatu, yaani Kilatini, Kigiriki na Kiebrania, mwaka 1517. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mchapishaji Dirk Martens alikuwa ametoa katika mji huo toleo la kwanza la kitabu Utopia cha Thomas More wa Uingereza. Mercator, mchoraji ramani ambaye jina lake lingali linatajwa katika somo la jiografia, alisomea huko. Vivyo hivyo Vesalius, aliyebadilisha jinsi madaktari wanavyouelewa mwili wa binadamu.

Mwaka 1636 maktaba kuu ya chuo ilifunguliwa ndani ya jengo hilo la nguo. Iliendelea kupanuka hadi mwaka 1797, pale utawala wa Kifaransa uliokuwa umeiteka nchi ulipokifunga chuo. Baadhi ya vitabu vyake bora vilichukuliwa na kupelekwa Paris na Brussels.

Wakati huo watu wa Leuven waliuona uporaji huo kuwa msiba. Karne moja na ushei baadaye, ikadhihirika kwamba vitabu vilivyoporwa ndivyo vilivyosalimika.

Usiku wa Agosti 25, 1914

Majeshi ya Ujerumani yaliingia Leuven Agosti 19, 1914, wiki chache baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuzuka. Ubelgiji ilikuwa imetangaza kutoegemea upande wowote, lakini njia ya Wajerumani kuelekea Ufaransa ilipitia nchini humo.

Kwa siku sita mji ulikuwa mtulivu. Jioni ya Agosti 25, milio ya risasi ilisikika barabarani na askari wakashikwa na taharuki. Wakuu wao walidai kwamba raia waliokuwa wamejificha madirishani ndio waliofyatua risasi hizo. Wanahistoria waliochunguza tukio hilo wamehitimisha kwamba hapakuwa na maasi ya raia. Askari wenyewe walipigana risasi gizani kwa hofu.

Adhabu haikungoja uchunguzi. Nyumba zilichomwa mtaa baada ya mtaa, raia 248 wakauawa na wengine wapatao 1,500 wakasafirishwa hadi Ujerumani kama wafungwa. Kabla ya usiku kwisha, jengo la kale la nguo lilikuwa linawaka pamoja na maktaba yote.

Vitabu takriban 300,000 viligeuka majivu. Miongoni mwavyo mlikuwa na mamia ya miswada iliyoandikwa kwa mkono, na vitabu vipatavyo 800 vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1501, wakati ufundi wa kupiga chapa ulipokuwa ungali mchanga.

Hapa ndipo panapohitaji ufafanuzi, kwa sababu idadi pekee haielezi ukubwa wa hasara. Kitabu kilichopigwa chapa kina ndugu zake: nakala moja ikiungua Leuven, nyingine huenda ipo Paris au Roma, na mwenye fedha anaweza kuitafuta. Mswada wa mkono aghalabu hauna ndugu. Ukiungua, maneno yaliyomo hutoweka duniani, na hata aliyewahi kuusoma hubaki na kumbukumbu tu.

Habari za moto huo zilienea upesi na kuzua hasira kote duniani. Mnamo Oktoba mwaka huo wasomi na wasanii 93 wa Ujerumani walitia saini tamko la kuwatetea askari wao na kukanusha kwamba walikuwa wameutendea Leuven ukatili. Tamko hilo liliwavunjia heshima miongoni mwa wasomi wenzao wa mataifa mengine kwa miaka mingi.

Deni la vitabu

Vita vilipokwisha, maktaba ya Leuven iliingizwa katika sheria ya kimataifa. Kifungu cha 247 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kiliitaka Ujerumani itoe miswada, vitabu, ramani na vifaa vingine vinavyolingana kwa idadi na thamani na vile vilivyoteketea.

Kifungu hichohicho kiliiagiza Ujerumani irudishe zile mbao nne za mchoro wa Bouts, licha ya kwamba zilikuwa zimenunuliwa kihalali. Zilirudi Leuven, zikachukuliwa tena na Wajerumani mwaka 1942, kisha zikarudi baada ya Vita vya Pili. Anayezitazama leo kanisani anaona malipo ya deni la maktaba.

Mataifa mengine hayakungoja mkataba. Maktaba ya John Rylands mjini Manchester, Uingereza, ilianza kukusanya vitabu wakati vita vingali vikiendelea, na hatimaye ikatuma zaidi ya 55,000. Japani nayo ilituma maelfu ya vitabu vya nchi yake. Wamarekani walichangisha fedha za jengo jipya.

Jengo hilo lilichorwa na Mmarekani Whitney Warren, mmoja wa wasanifu wa kituo cha reli cha Grand Central jijini New York. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1921, nalo likafunguliwa Julai 4, 1928, siku ambayo Wamarekani huadhimisha uhuru wao. Kwenye kuta zake yamechongwa majina ya shule na vyuo vya Marekani vilivyochanga.

Sherehe hiyo haikukosa mzozo. Warren alitaka ukuta wa mbele uwe na maandishi makubwa ya Kilatini ya kutangaza kwamba maktaba ilibomolewa kwa ghadhabu ya Wajerumani na kurejeshwa kwa hisani ya Wamarekani. Mkuu wa chuo, Askofu Ladeuze, alikataa. Kwake, nyumba ya elimu haikufaa kuwa tangazo la chuki ya kudumu.

Mabishano yalifika mahakamani, na fundi mmoja aliyeyaunga mkono maandishi hayo alizivunja nguzo zilizowekwa mahali pake. Mwishowe ukuta ulibaki bila maneno hayo. Uwanja ulio mbele ya maktaba leo huitwa kwa jina la Ladeuze.

Moto wa pili

Mwaka 1938, miaka kumi baada ya ufunguzi, mji huo ulipata nafasi ya kuonyesha maana ya msimamo huo. Mwanafalsafa Mjerumani Edmund Husserl, aliyezaliwa katika familia ya Kiyahudi, alifariki mwaka huo, na utawala wa Wanazi ukawa tishio kwa maandishi aliyoyaacha.

Mtawa kijana wa Kifransisko aliyekuwa mwanafunzi wa Leuven, Herman Leo Van Breda, alifaulu kuyatoa Ujerumani kwa msaada wa wanadiplomasia wa Ubelgiji. Kurasa zipatazo 40,000 zilifikishwa Leuven, na hadi leo watafiti kutoka pande zote za dunia huenda kuzisoma huko. Mji uliochomewa vitabu na askari wa Kijerumani ukawa kimbilio la maandishi ya Mjerumani.

Lakini usalama wenyewe haukudumu. Mnamo Mei 1940 Ujerumani iliivamia Ubelgiji tena, na Leuven ikawa uwanja wa mapigano kati ya majeshi ya Ujerumani na Uingereza. Usiku wa kuamkia Mei 17, maktaba ya Warren ilishika moto.

Kila upande uliulaumu mwingine, japo wanahistoria wengi huamini kwamba ni makombora ya Wajerumani yaliyoiwasha. Vitabu takriban 900,000 viliteketea, hasara iliyokuwa mara tatu ya ile ya kwanza. Vingi kati ya hivyo ndivyo vilivyokuwa vimetolewa kama malipo na zawadi baada ya moto wa mwaka 1914.

Baada ya vita jengo lilijengwa upya kwa kufuata michoro ileile ya Warren, na ukusanyaji wa vitabu ukaanza kwa mara nyingine.

Witiri na shufwa

Pigo la tatu halikuwa la moto. Leuven iko Flanders, eneo la wazungumzaji wa Kiholanzi, lakini kwa muda mrefu Kifaransa kilikuwa lugha ya wakubwa na wasomi wa Ubelgiji. Katika miaka ya 1960, wanafunzi wa upande wa Kiholanzi waliandamana wakitaka wenzao wanaosoma kwa Kifaransa waondoke mjini humo. Mgogoro huo uliiangusha serikali ya nchi mnamo Februari 1968.

Chuo kikagawanyika kuwa vyuo viwili. Cha Kiholanzi kilibaki Leuven. Cha Kifaransa kilihamia mji mpya uliojengwa kwa ajili yake, Louvain-la-Neuve, maana yake Leuven Mpya, ambao ulianza kujengwa mwaka 1971.

Vitabu navyo vikawa havina budi kugawanywa. Katika sehemu kubwa ya rafu, njia iliyotumiwa ilikuwa nyepesi kwa mwenye kuhesabu na chungu kwa mwenye kusoma: vitabu vya namba witiri vilibaki, vya namba shufwa vikapakiwa. Kilichokuwa kimeponea mabomu kikakatwa vipande viwili kwa hesabu.

Alama yake Afrika

Msomaji wa Afrika ana sababu yake ya kuufahamu mji huu. Mwaka 1954, Congo ikiwa bado koloni la Ubelgiji, chuo cha Leuven kilianzisha chuo kikuu kandokando ya mji wa Leopoldville, ambao leo ni Kinshasa. Kiliitwa Lovanium, jina la Leuven kwa Kilatini. Mwaka 1971 kiliunganishwa na vyuo vingine kuwa Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Zaire, na baadaye kampasi hiyo ikawa Chuo Kikuu cha Kinshasa.

Miongoni mwa waliosoma Lovanium ni V.Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi katika jimbo la Katanga, eneo ambako Kiswahili ni lugha ya mitaani na sokoni. Alipata shahada ya uzamifu Leuven mwaka 1970 na akarejea kufundisha nchini mwake. Kitabu chake, The Invention of Africa, kilichotoka mwaka 1988, kinachunguza jinsi elimu ya Ulaya ilivyojiundia picha yake ya Afrika. Mudimbe alifariki mwaka 2025.

Ya kutazama leo

Mnara wa maktaba uko wazi kwa wageni, nao hupandwa kwa ngazi zinazokaribia 300. Katika ghorofa za njiani mna maonyesho ya historia ya jengo hilo, na kileleni mandhari ya mji mzima huonekana.

Humo pia mna kengele zinazopigwa kwa muziki. Zilianza zikiwa 48, sawa na idadi ya majimbo ya Marekani wakati huo, zikiwa zawadi ya wahandisi wa nchi hiyo kwa kuwakumbuka wenzao waliofia vitani. Tangu ukarabati wa mwaka 1983 ni 63.

Ukumbi wa kusomea unastahili kuingiwa kwa adabu, maana si jumba la makumbusho. Chuo hicho kina wanafunzi zaidi ya 60,000 katika kampasi zake zote, na msimu wa mitihani unapowadia meza za maktaba hujaa.

Akitoka hapo, mgeni anaweza kuteremka Naamsestraat, alitazame lile jengo la nguo lililojengwa upya ambalo sasa ni makao ya usimamizi wa chuo, kisha aendelee hadi Groot Begijnhof. Hicho ni kijiji cha nyumba za matofali kilichoanzishwa katika karne ya 13 kwa ajili ya wanawake wacha Mungu walioishi pamoja bila kuweka nadhiri za utawa. Chuo kilikinunua mwaka 1962 kikiwa karibu kuporomoka, kikakikarabati, na leo hukaliwa na wanafunzi na wasomi wageni. Shirika la UNESCO lilikiingiza katika orodha ya turathi za dunia mwaka 1998.

Karibu na Grote Markt ipo sanamu ndogo iitwayo Fonske, ya mwanafunzi anayesoma kitabu huku akijimiminia maji kichwani. Wenyeji huichekea, lakini ina maana yake: elimu humiminwa kidogo kidogo, na anayejimiminia hana budi kuwa na subira.

Maktaba ya Leuven imejazwa kwa njia hiyo mara tatu. Fedha zilipatikana, mawe yakapangwa upya na vitabu vilivyopigwa chapa vikanunuliwa. Miswada iliyoungua mwaka 1914 haijarudi, kwa sababu mingi haikuwa na nakala mahali pengine popote. Hilo ndilo somo ambalo kila mwenye hati ya pekee, iwe katika maktaba kubwa au sandukuni nyumbani, anaweza kuondoka nalo Leuven: nakala ya pili hutengenezwa kabla ya moto, na huwekwa nyumba nyingine.